Kabla Hujanunua Poodle, Piga Hesabu ya Nywele

Mtu akiniuliza Poodle anagharimu kiasi gani, nami humuuliza: nani atamnyoa? Bei ya kumnunua hulipwa siku moja ikaisha. Nywele zake haziishi. Hazipukutiki ovyo kama za mbwa wengine, na ndiyo sababu wengi humpenda, kwani kochi halijai manyoya. Lakini hurefuka tu, na zile zinazokufa hunaswa katikati ya zilizo hai, zikajisokota kuwa mafundo yanayovuta ngozi. Chini ya mafundo hayo hewa haipiti, unyevu unabaki, kupe wanajificha, na vidonda vinaanza bila mwenye mbwa kujua.

Kwa hiyo hesabu ianzie hapo. Poodle huhitaji kuoshwa, kukaushwa hadi kwenye ngozi na kunyolewa kila baada ya wiki nne hadi sita. Hata ukichukua wiki sita, hiyo ni mara nane au tisa kwa mwaka, na mbwa huyu akitunzwa vizuri huishi miaka 12 hadi 15. Unajifunga kunyoa zaidi ya mara mia moja. Mpigie leo kinyozi wa mbwa aliye karibu nawe, uliza bei ya Poodle wa kimo unachokitaka, zidisha kwa tisa, kisha weka jibu hilo pembeni ya bei ya kitoto. Ukikaa mji usio na kinyozi wa mbwa, utalazimika kujifunza mwenyewe. Hapo utanunua mashine iliyotengenezwa kwa manyoya mazito, meno yake ya akiba, brashi ya vijino vya waya na kitana cha chuma. Kitana ndicho kinachosema ukweli: kikikwama karibu na ngozi, bado hujamaliza kazi.

Kipindi kigumu huwa kati ya miezi tisa na mwaka mmoja na nusu, nywele za utotoni zinapopisha za utu uzima. Wakati huo mafundo hutokea kwa siku mbili tu, na lazima achanwe kila siku. Kwa anayeishi Mombasa au Dar es Salaam, ushauri wangu ni kumnyoa fupi mwili mzima na kusahau mitindo ya maonyesho. Atapumua, nawe utaona kupe mapema.

Kimo ndicho kinachoamua karibu kila gharama nyingine. FCI, shirikisho la kimataifa la vilabu vya mbwa, linatambua vimo vinne: Toy wa sentimita 24 hadi 28 begani, Miniature hadi 35, Medium hadi 45 na Standard hadi 60. “Teacup”, yule anayeuzwa kama mdogo kuliko Toy, hayumo. Hilo ni jina la kibiashara, na vitoto vinavyouzwa ghali kwa jina hilo mara nyingi ni dhaifu: sukari ya damu hushuka wakichelewa kula, mifupa huvunjika wakiruka kutoka kitandani. Mimi singemnunua kwa bei yoyote, maana kila anayenunua humpa mfugaji sababu ya kuzalisha wengine.

Kwa chakula, Standard wa kilo 25 hula takriban gramu 350 za chakula kikavu kwa siku, yaani kilo kumi na ushee kwa mwezi. Toy wa kilo tatu hutosheka na gramu 70 hivi, kama kilo mbili kwa mwezi. Angalia bei dukani uzidishe. Ugali na omena humshibisha, ila kitoto kinachokua kinahitaji zaidi ya shibe, hivyo kama utampikia, panga mlo na daktari wa mifugo. Mabaki ya mchuzi au pilau yenye vitunguu asipewe kabisa, kwa kuwa vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Makadamia nayo ni sumu kwake.

Sasa bei yenyewe. Hupanda kwa ukoo, kimo na rangi. Marekani, mfugaji mwenye sifa huomba takriban dola 1,500 hadi 3,000, na sehemu nzuri ya fedha hizo inapaswa kuwa imekwenda kwenye vipimo vya wazazi: nyonga kwa Standard, magoti kwa Toy na Miniature, na kipimo cha vinasaba cha ugonjwa wa macho unaompofusha mbwa polepole. Muuzaji wa kwetu akitaja bei kubwa, mwombe matokeo hayo. Hati za East Africa Kennel Club ya Nairobi, klabu inayosajili mbwa, zitakuonyesha ukoo, lakini ukoo si cheti cha afya. Mwone mama wa kitoto kwa macho yako, pale anapoishi. Usitume kianzio kwa M-Pesa kwa picha uliyoonyeshwa kwenye simu, hata ukiambiwa kuna mteja mwingine anayesubiri. Na kitoto kisitoke kwa mama kabla ya wiki nane.

Mwaka wa kwanza una chanjo za parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua vitoto; chanjo hizo hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi kitoto kifikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa si ya kuahirishwa, kwa sababu ugonjwa huo bado unaua watu Kenya na Tanzania. Ongeza dawa ya minyoo, kumfunga kizazi, na kinga ya kupe, ambayo hupimwa kwa uzito wa mbwa, hivyo Standard humgharimu mwenyewe zaidi. Masikio ya Poodle huota nywele hadi ndani, na joto la pwani huyafanya yaoze upesi. Yakaguliwe kila wiki.

Tenga pia fedha za dharura, zikae mbali na za matumizi. Standard yumo katika hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda, na hapo anahitaji upasuaji ndani ya saa chache. Daktari anaweza kulishona tumbo mahali pake wakati wa kufunga kizazi, uliza mapema. Jua kliniki ipi hufungua usiku. Kwa matatizo makubwa, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama Kabete, na Tanzania kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro.

Mkataba wa nyumba usome kabla ya kulipa chochote. Zungumza na majirani pia. Mkitumia ngazi moja na Waislamu, kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi ute wa mbwa ni najisi, na ukimgusa mtu humlazimu kuosha mahali hapo mara saba, moja kwa udongo. Kamba fupi mlangoni ni heshima ndogo unayoweza kuitoa kila siku.

Halafu kuna Desemba. Poodle hawezi kuachiwa mlinzi wa geti amtupie chakula kwa wiki tatu. Amezoea kuwa na watu ndani, na akiachwa peke yake hubweka, hutafuna, huacha kula. Ama umpate ndugu anayemfahamu, au ulipie kituo cha kulelea mbwa, ambapo utaombwa kadi ya chanjo. Uliza bei ya usiku mmoja sasa, na mpeleke akanyolewe kabla hujasafiri.