Kujenga pikipiki ya baada ya kiama nyumbani: chakavu kwa nje, nzima kwa ndani

Pikipiki ya baada ya kiama, yaani iliyojengwa ionekane kama imenusurika mwisho wa dunia, ukiitazama kwa mara ya kwanza unaona kutu, bati lililopindwa kwa nyundo, kamba na madumu. Ndiyo maana wengi huanzia kwenye kutu. Wanamwagia tangi siki, wanachomelea minyororo kwenye usukani, kisha mashine inabaki kona ya gereji kwa sababu haiwaki, au inawaka lakini hakuna anayethubutu kuipeleka barabarani. Hapa tutakwenda kinyume chake: kwanza pikipiki inayotembea na kusimama vizuri, kisha umbo, na uchakavu mwisho kabisa.

Kabla ya yote, uliza sheria za ukaguzi wa vyombo vya moto mahali ulipo. Kuna sehemu ambako kukata fremu kunahesabiwa kuwa umejenga chombo kipya kinachohitaji usajili upya. Taa, honi, kioo cha pembeni na kibao cha namba vibaki hata kama dunia "imeisha".

Hatua ya 1: Tafuta pikipiki ya kuanzia

Chagua injini ya silinda moja, inayopozwa na hewa, yenye kabureta na kiki. Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, ni mfano mzuri: vali zake zinasukumwa na vijiti badala ya cheni ya ndani, na imenakiliwa na viwanda vingi kiasi kwamba vipuri vyake havisumbui. Mashine yenye rejeta na mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta iache kwanza. Sensa zake zinategemea boksi la hewa na mafla vibaki kama vilivyotoka kiwandani, na hivyo ndivyo utakavyotamani kuvigusa.

Fremu yenye shokapu mbili za nyuma ni rahisi kuifanyia kazi kuliko yenye shokapu moja katikati. Hakikisha namba ya fremu inalingana na kadi, na namba hiyo isiguswe na grenda wala kufunikwa na rangi nzito.

Jambo moja sikubali mjadala: iendeshe kabla hujaifungua. Kama inatoa moshi wa bluu, kama gia ya pili inaruka, kama usukani unavuta upande, ujue sasa. Hitilafu utakayoikuta baada ya miezi ya kazi hutajua kama umeizaa wewe au umeirithi.

Hatua ya 2: Amua imekosa nini

Hii ndiyo hatua inayotofautisha kazi nzuri na pikipiki iliyobandikwa takataka. Mashine ya baada ya kiama ni mashine iliyotengenezwa mara nyingi na mtu asiye na vipuri. Basi jiulize: mwenye pikipiki hii alikosa nini? Kama alikosa mafuta, atabeba madumu. Kama madigadi ilivunjika, ameweka kipande cha pipa la oili kilichokatwa na kufungwa kwa bolti tofauti tofauti. Kama kiti kilichanika, kimeshonewa turubai juu. Chagua shida mbili au tatu, usizichague kumi. Fuvu la plastiki kwenye taa halijibu shida yoyote, na jicho linagundua mara moja.

Piga picha ya pikipiki ikiwa wima, ukiwa umechuchumaa upande wake usawa wa injini. Ichapishe kubwa, weka karatasi nyepesi juu, uchore. Mstari wa kiti na tangi ndio unaobeba sura nzima. Ukiupata huo, vilivyobaki vitafuata.

Hatua ya 3: Ifungue

Mwaga mafuta, toa betri, piga picha kila kiungo kabla ya kukifungua. Bolti za kila sehemu ziingie mfuko wake wenye jina.

Hatua ya 4: Fremu na uchomeleaji

Safisha shingo ya fremu, pale usukani unapoingia, na egemeo la mkono wa tairi la nyuma kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Tafuta nyufa kwa tochi. Sehemu hizi mbili ndizo zinazobeba maisha yako. Usizikate wala usizichomelee chochote cha urembo. Uwanja wako wa kuchezea ni mkia, yaani kipande kinachobeba kiti nyuma ya sehemu ya juu ya shokapu.

Ukitaka kufupisha mkia, kata ukiwa umebakiza angalau sentimita chache nyuma ya viungo vya shokapu. Funga nyuma kwa bomba la chuma laini lililopindwa, la kipenyo kilekile cha fremu, lenye ukuta wa milimita 2. Usiunganishe kwa kugusanisha ncha mbili tu. Ingiza ndani kipande cha bomba dogo kinachokaza, kiingie sentimita 3 kila upande, toboa tundu kwenye bomba la nje kila upande wa kiungo, kisha ujaze matundu hayo weldi pamoja na mzunguko wa kiungo chenyewe. Kiungo cha namna hiyo kina mfupa ndani yake.

Kwa mashine ya fimbo, elektrodi ya E6013 ya milimita 2.5 na umeme wa ampea 60 hadi 90 zinatosha kwa unene huu. Anza na ampea za chini, ujaribu kwenye mabaki ya bomba lilelile, kisha likate uone kama weldi imezama au imelala juu tu. Kama huna uzoefu, andaa vipande, vikae sawa, umpelekee fundi wa kuchomelea. Haipunguzi heshima ya kazi yako.

Tahadhari nne ambazo hazirukwi:

Toa kwenye pikipiki betri, CDI (kisanduku kinachoongoza cheche ya plagi) na kirekebisha chaji kabla ya kuchomelea. Klipu ya ardhi ifungwe karibu kabisa na unapochoma. Ukiifunga kwenye ekseli, umeme unapita kwenye beringi na kuzichoma.

Bomba lenye rangi ya fedha ya zinki likwangue hadi chuma cheusi. Moshi wa zinki unaleta homa na kutetemeka saa chache baadaye.

Usisafishe kwa dawa ya breki yenye klorini mahali utakapochoma. Mvuke wake ukikutana na moto wa weldi unaweza kuzaa gesi ya fosjini, ambayo inaua.

Tangi la mafuta usilichomelee nyumbani, hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Mvuke uliobaki ndio unaolipuka.

Hatua ya 5: Tairi na shokapu

Tairi lenye vijino vikubwa ndilo linaloipa pikipiki ukali wake, lakini usilazimishe tairi pana kwenye rimu nyembamba; linabanwa kingo na kushika barabara vibaya. Panda saizi moja au mbili kutoka ya kiwanda. Kisha fungua shokapu, nyanyua gurudumu hadi kimo ambacho shokapu ingekuwa imebonyea kabisa, na upime: kati ya vijino na madigadi, cheni, na mkono wa nyuma iwepo nafasi ya milimita 20. Kipimo hiki hakifanyiki pikipiki ikiwa imesimama tu, kwa sababu shimo la kwanza barabarani litabadilisha kila kitu.

Shokapu ndefu za nyuma zinavutia, ila kila sentimita unayonyanyua nyuma inasimamisha foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, wima zaidi na kufanya usukani uwe mwepesi kuyumba kwenye mwendo. Zaidi ya sentimita 3 sizipendi.

Breki ziache kama zilivyo, ukibadilisha pedi, mpira wa breki kama umepasuka, na mafuta ya breki.

Hatua ya 6: Hewa na moshi

Wengi huvua boksi la hewa na kuweka kichujio cha koni, kisha hukata mafla. Vyote viwili vinaongeza hewa bila kuongeza mafuta, na injini inachoma ikiwa kavu: inapata joto, inapasua kwa kurudi nyuma, na pistoni inaumia. Ushauri wangu ni kubakiza boksi la asili na kulificha nyuma ya bati. Mafla nayo iingize ndani ya bomba kubwa kuukuu lililotobolewa. Kwa macho ni silaha, kwa masikio majirani watakusamehe.

Kama umebadilisha, ongeza jeti kuu, kile kitundu cha kabureta kinachopima mafuta, saizi moja moja. Endesha kwa nguvu kamili mahali salama, zima injini huku ukivuta klachi, simama, fungua plagi. Porcelaini nyeupe kama chaki inasema mafuta ni pungufu. Masizi meusi yanasema yamezidi. Unatafuta rangi ya kahawia hafifu.

Utepe wa kuzungushia bomba la moshi unapendeza, lakini unashika unyevu na kulioza bomba la chuma laini kutoka nje. Bomba tupu lililopakwa oili na kuachwa liungue lina sura bora, na ni bure.

Hatua ya 7: Umeme

Kwenye Honda, kwa kawaida waya wa kijani ni ardhi, mwekundu unatoka betri, mweusi ni chanya baada ya swichi. Kwingine tafuta mchoro wa pikipiki yako. Usikate nyaya "zisizo na kazi" hadi uzitambue zote. Weka fyuzi moja ya ampea 10 au 15 karibu na betri. Taa ya wati 35 kwenye volti 12 inakula kama ampea 3, na chaji ya pikipiki ndogo haina ziada kubwa, kwa hiyo taa za kuongeza ziwe za LED. Nyaya zinazoning'inia ovyo kwa ajili ya sura ziwe za bandia, zisizounganishwa popote. Zile za kweli zifungwe vizuri mbali na bomba la moshi na zisikunwe na fremu.

Hatua ya 8: Vazi

Tumia bati la milimita 1 hadi 1.5. Kata kiolezo cha kadibodi kwanza. Kila ukingo ukunje au upige tupa hadi upitishe kidole bila woga, na usiweke kitu chenye ncha kinachoelekea mbele au kwenye goti lako. Tangi livishwe koti la bati linalofungwa kwa mikanda; usilitoboe kwa riveti. Kifuniko chake kina tundu dogo la kupumulia. Ukilifunika, injini itazima yenyewe baada ya kilomita chache na utasumbuka kutafuta tatizo kwenye kabureta.

Petroli ina uzito wa karibu kilo 0.75 kwa lita. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 15 na zaidi, likining'inia upande mmoja pikipiki inalala upande huo kwenye kila kona. Mimi hukata madumu na kuyafanya masanduku ya spana, mawili, moja kila upande, chini na mbele kadiri inavyowezekana. Kwa yeyote anayeangalia bado ni madumu ya mafuta.

Ukimaliza, geuza usukani kutoka kikomo hadi kikomo injini ikiwa imewaka. Mlio ukipanda, waya wa akseleta umebanwa na vazi lako.

Hatua ya 9: Iendeshe, kisha ndipo uizeeshe

Iendeshe ikiwa safi na mbaya hadi uiamini. Kinachotikisika kikaze, kinachopasuka kijenge upya. Baada ya hapo vua vazi.

Uchakavu una mantiki. Rangi inaisha pale goti linapogusa tangi, pale kisigino kinapokwaruza kava ya injini, kwenye kingo za bati, na kuzunguka bolti zinazofunguliwa mara kwa mara. Kutu huanzia penye mshono na kushuka chini na maji. Katikati ya bati iliyo mbali na mkono na mvua hubaki na rangi. Kwa hiyo paka rangi ya chini ya fedha au kahawia, gusa kwa mafuta ya mgando sehemu unazotaka zimenyuke, paka rangi ya juu isiyong'aa, ikikauka futa kwa kitambaa kigumu na msasa. Rangi inabanduka penye mafuta tu.

Kwa kutu halisi, kwangua bati hadi lionekane, ulioshe mafuta yote. Changanya nje, penye hewa: haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 500, siki mililita 60, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu. Vaa miwani na glavu. Nyunyiza, na kutu itaanza kujitokeza mbele ya macho yako. Rudia ikikauka hadi uridhike. Usiongeze dawa yoyote ya klorini ya kufulia, na usifunge mabaki kwenye chupa, yatavimba na kupasuka. Suuza kwa maji yenye soda ya kuokea, kausha, kisha paka vanishi isiyong'aa au mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Vitambaa vya mafuta ya kitani vitandaze nje vikauke. Vikirundikwa vinaweza kujiwasha moto vyenyewe.

Mchanganyiko huo usiguse spoki, cheni, breki, mirija ya foku wala bolti zinazobeba uzito. Huko tumia rangi ya kahawia na sponji.

Na fremu? Fremu usiizeeshe kabisa. Ipake kijivu hafifu kinachong'aa. Ufa wa kweli kwenye chuma hujitangaza kwa mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi, nao ukiwa umejaza kutu ya bandia kote hutauona hadi mkia umekatika. Baada ya kilomita 50 za kwanza kaza bolti zote tena, pima cheni kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, osha viungo ulivyochomelea na uvipitishie tochi. Rudia kwenye kilomita 200, kisha kila unapobadilisha oili.