Ukitaka kumuenzi mwanajeshi aliyetutoka, fikiria Januari

Kaka yetu alipotutoka, alikuwa jeshini, nyumba ya Likoni ilijaa watu na ikajaa sukari. Niliihesabu mwenyewe, pakiti 23 za kilo mbili zimepangwa nyuma ya mlango, alafu masika yakaingia na hii hewa yetu ya chumvi, ikashika maji ikawa mawe, ikawa kila chai lazima uchukue mchi kwanza. Na wifi yangu wakati huo atafuta karo. Watu walitupenda walahi, ila mapenzi yote yalikuja wiki moja.

Kwa hivyo kama kuna jirani, rafiki ama mliyesoma naye ameuawa kazini na wataka kufanya kitu kwa jina lake, cha kwanza usikimbilie kufungua grupu ya WhatsApp. Tafuta mtu wa nyumba, dada ama mjomba, umuulize kinachowabana ni nini. Mjane akiwa Muislamu yuko eda, miezi minne na siku kumi, hatoki ovyo, sasa hapo shida mara nyingi hata si pesa, ni miguu. Nani atapanda feri asubuhi akapange foleni ya karatasi? Cheti cha kifo, vyeti vya watoto, cheti cha ndoa, mirathi kwa Kadhi. Ofisi moja ilituambia rudi kesho mara nne, kisa jina la baba kwa cheti cha mtoto lapishana herufi moja na la kitambulisho, mwishowe ikabidi kiapo kwa wakili. Ukiwa na wakili kwa marafiki zako akakuandikieni hiyo bure, huo ni mchango mkubwa kuliko unga wa mkoba mzima. Tena mtu akienda, atembee na kopi, kopi, kopi.

Pesa sasa. Msichangishe kwa laini ya mtu mmoja hata awe imamu, si kwamba ni mwizi, lakini M-Pesa haibebi zaidi ya 500,000 na kutuma mara moja ni mwisho 250,000, na laini ikiwa ya mtu hesabu zachanganyika na tokeni za stima zake. Fungueni akaunti ya benki, wawe watu watatu wa kusaini na mmoja awe wa upande wa mjane, alafu mweka hazina aweke taarifa ya benki kwa grupu kila mwezi bila kuombwa. Mkitaka kuzunguka na ndoo barabarani ama sokoni, kuchangisha umma kwataka leseni kisheria, msijitie matatani. Na picha zake za gwanda na kambi aliyokuwa msizirushe, moja ni usalama, pili kuna watu wataichukua hiyo picha wachangishe yao.

Alafu zigaweni. Hapa ndipo wengi twakosea, twampa mjane zote siku ya arobaini, na nyumba ikiwa na msiba kila ndugu ana shida yake ya kukopa. Lipeni karo moja kwa moja kwa akaunti ya shule, muhula kwa muhula, risiti mpelekee mama. Kambi za wanajeshi wetu kule Somalia zilivamiwa na Al-Shabaab, El Adde tarehe 15 Januari 2016, Kulbiyow tarehe 27 Januari 2017, yaani kuna nyumba hapa Kenya kumbukumbu na kufungua shule zawapiga mwezi mmoja. Mwezi huo usingoje upigiwe simu.

Kama wataka kusaidia familia nyingi na si moja, kuna Military Wives Association of Kenya, yaani wake wa wanajeshi wenyewe, wao wazijua nyumba ambazo wewe huzijui.

Jina lake je? Hapa Mombasa, pale Barabara ya Jomo Kenyatta, pana sanamu ya maaskari wa vita vya kwanza, nimepita tangu utotoni na sijaona jina la yeyote kati yao. Mimi napenda jina liandikwe kwa kitu chatumika, tangi la maji la madrasa, kabati la vitabu shule aliyosoma, hiyo ni sadaka jariya, thawabu yake haikatiki, na yamfikia. Lakini ulizeni nyumba kwanza, mama yetu hakutaka jina ukutani, alisema atalisoma kila akipita.

Kuna jamaa alikuwa akicheza mpira na kaka, si tajiri, ana tuktuk tu. Kila muhula 3,000 yaingia kwa simu ya wifi, na nyuma yake meseji fupi: “ya namba 9”.