Jengo la serikali limetelekezwa? Namna ya kulimiliki kihalali

Paa limeanguka, magugu yameota hadi vyumbani, mlinzi aliondoka zamani. Bado mali hiyo ina mwenyewe. Nchi nyingi humruhusu aliyekalia ardhi ya mtu binafsi kwa miaka mingi kudai umiliki, lakini huikinga ardhi ya umma. Marekani huzuia kabisa dai hilo dhidi ya serikali kuu. Uingereza hulikubali, ila kwa ardhi isiyosajiliwa ya Taji (yaani ya ufalme na serikali kuu) unahitaji miaka 30, wakati ya mtu binafsi ni 12. Kwa hiyo usianze kwa kuhamia.

Hatua ya 1: Fanya upekuzi kwenye masjala ya ardhi. “Serikali” ni neno pana mno. Unatafuta jina lililoandikwa: wizara, halmashauri au shirika la umma. Angalia pia kama kuna zuio, kesi au mpangaji mwenye mkataba ulio hai.

Hatua ya 2: Iandikie taasisi hiyo. Uliza mambo mawili: je, mali imeidhinishwa kuondoshwa (yaani kutolewa mikononi mwa serikali), na nani ana mamlaka ya kuiuza? Swali la pili ndilo linalookoa watu. Nimeshika barua nzuri, zenye mihuri, zilizosainiwa na maofisa wasio na uwezo wa kuuza hata kiti. Ukiambiwa “wewe chukua tu, hakuna anayeitumia”, omba waraka wa idhini.

Hapa subira hujaribiwa. Mara nyingi taasisi nyingine za umma huulizwa kwanza kama zinaihitaji. Mteja wangu mmoja alichoka kusubiri, akaezeka paa kwa fedha zake. Mnada ulipotangazwa, jengo lilivutia wanunuzi zaidi, bei ikampita, na gharama zake hakurudishiwa.

Hatua ya 3: Shiriki mnada au zabuni ikitangazwa. Soma masharti kuhusu dhamana, muda wa kulipa na matumizi ya eneo. Ikiwa hawauzi, omba kupangishwa. Mkataba mrefu wa upangaji hutosha kwa shughuli nyingi.



Hatua ya 4: Lipa kwenye akaunti rasmi pekee. Stakabadhi si hatimiliki, kwa hiyo peleka hati ya uhaulishaji (ya kuhamisha umiliki kuja kwako) ikasajiliwe mara moja, kisha rudia upekuzi uone jina lako.