Kikopo cha makohozi hakitaki mate

Mtu aliyekohoa kwa wiki 2 au zaidi, hasa ikiwa anatokwa na jasho jingi usiku na kupungua uzito, hupewa kikopo chenye kifuniko ili apimwe kifua kikuu, na wengi hukirudisha kikiwa na mate matupu, ambayo mara nyingi hayana vimelea vya kutosha kuonekana. Kinachohitajika ni makohozi mazito yatokayo kifuani. Yatoe alfajiri, kabla ya chai: sukutua kwa maji, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kwa nguvu kutoka ndani. Fanya hivyo nje ya nyumba, mbali na watu, kwa kuwa ugonjwa huu huenea kwa njia ya hewa, wala si kwa sahani na vikombe kama majirani wapendavyo kudai. Funga kikopo barabara na ukifikishe maabara siku hiyo hiyo. Ukigundulika kuwa nao, matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na katika vituo vya umma nchini Tanzania vipimo na dawa hutolewa bila malipo. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa usishtuke. Ni kazi ya rifampisini, mojawapo ya dawa hizo.