Jinsi ya kuweka pingamizi kiwanda cha zamani kinapotaka kugeuzwa maghorofa (Dar es Salaam)

Kama umeona tangazo la "kusudio la kubadili matumizi ya ardhi" kwenye geti la godauni au kiwanda kilichokufa mtaani kwenu, lipige picha kwanza, mengine baadaye. Picha isomeke namba ya kiwanja, kitalu, tarehe na siku zilizotolewa za pingamizi. La kwetu lilibandikwa upande wa ndani wa geti, pengine kwa ajili ya mlinzi, na mvua ya kwanza ikaondoka nalo. Siku zinahesabiwa kwa tarehe ya tangazo. Kwamba wewe umeliona juzi hakuna anayekuuliza.

Hati ya kiwanda inasema viwanda. Mwenye nayo hawezi kusimamisha apatimenti pale mpaka matumizi yabadilishwe chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na hapo ndipo jirani ana nafasi ya kusema. Kibali cha ujenzi kinakuja baadaye. Ukingoja mpaka uone mabati ya uzio na bango la mkandarasi, utasikilizwa kwa upole mwingi na hakuna kitakachobadilika.

Angalia barua inakwenda kwa mkurugenzi yupi. Tangu Februari 2021 Jiji la Dar es Salaam ni eneo lililokuwa Manispaa ya Ilala, haliko juu ya manispaa nyingine. Ukanda wa viwanda kando ya Barabara ya Nyerere umegawanyika: Gerezani na Vingunguti ni Jiji, Keko na Chang'ombe ni Temeke. Wenye mazoea ya zamani bado wanaandika "Mkurugenzi wa Jiji" hata wakiwa Chang'ombe, na barua ikitua pasipo pake, siku zinaendelea kukatika.

Sasa tuje kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa, maana hapa ndipo tulipotoka jasho.

Barua ya mtu mmoja inapokelewa. Lakini barua iliyoambatana na muhtasari wa mkutano wa wakazi, mahudhurio yake na muhuri wa serikali ya mtaa, hiyo ndiyo inayofanya ofisa anyanyue kichwa. Na muhuri una wenyewe. Wa kwetu ulikuwa kwenye droo, ufunguo wa droo alikuwa nao mtendaji, mtendaji alikuwa semina, na mwenyekiti akasema yeye hana neno, tumsubiri mtendaji. Mtendaji aliporudi akasema muhtasari haujataja akidi, yaani idadi ya watu inayotosha mkutano kuwa halali. Tukaandika upya. Akasema ajenda ya jengo iliingizwa kwenye "mengineyo", na mengineyo hayapitishi azimio. Hapo, kwa kweli, alikuwa na hoja. Kwa hiyo nyie mtangulie: andikeni barua ya kuomba mkutano, mtaje ajenda kwa jina lake, mpige picha tangazo la mkutano likiwa ubaoni, na siku yenyewe kila mtu aandike jina, simu, namba ya nyumba ya anwani za makazi na saini. Mpangaji naye aandike. Mafuriko hayaulizi nani ana hati.

Wakati tunahangaika na wa kwetu, tukagundua upo muhtasari mwingine, umeshagongwa muhuri zamani, unaosema wakazi wameupokea mradi kwa furaha. Ulitoka kwenye kile kikao cha wataalamu wa tathmini ya mazingira. Walikuja wakapanga viti nje ya ofisi ya mtaa, wakagawa soda na sambusa, daftari la mahudhurio likazunguka. Watu walisaini wakidhani wanasainia soda. Kumbe karatasi ile ndiyo inayokwenda nyuma ya ripoti kuonyesha kwamba wadau walishirikishwa. Mama wa chapati, aliyekuja kudai hela yake tu, jina lake ni la saba.

Kikao kama hicho kikiitwa kwenu, nendeni, msisusie. Lakini kando ya saini yako andika kwa kalamu ileile: "Sikubaliani, maji taka." Kisha ipige picha karatasi kabla haijaondoka. Ukiambiwa nafasi hiyo si ya maoni, uliza ya maoni ni ipi.

Maoni ya mazingira yanataka barua yake kwa NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Usidhani halmashauri itawapelekea. Ripoti ya tathmini iombeni kwa maandishi mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ofisi ina hadi siku 30 kukujibu, nayo huzitumia zote, kwa hiyo ombeni siku ileile mliyoliona tangazo. Upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi ni rahisi: fomu, kontroo namba, kulipa, kusubiri mfumo urudi.

Kwenye hoja, msiandike "tunapinga maendeleo" wala "wataleta wageni". Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar, na watu hao lazima walale mahali. Mimi mwenyewe sipingi ghorofa, napinga ghorofa kumi na nne kwenye kichochoro ambacho gari la zimamoto linaingia kwa kurudi nyuma. Andikeni yanayopimika: upana wa barabara, maji ya mvua yanakoelekea, kama bomba la maji taka lipo au kila wiki litaitwa gari la kunyonya, umbali kutoka mpaka, na udongo uliomwagiwa oili na rangi miaka yote ile. Paa la zamani likiwa la asbestosi, ulizeni litavunjwaje na litatupwa wapi. Ulizeni pia Mpango Kabambe wa Jiji wa 2016–2036 unasema nini juu ya eneo hilo. Mwisho wa barua semeni mnachoweza kukubali, mathalani ghorofa sita na mtaro mpya, maana barua ya "hatutaki" peke yake hujibiwa kwa neno moja.

Masjala, nenda na nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili inagongwa "imepokelewa" pamoja na tarehe, unaondoka nayo. Dada wa mapokezi akikwambia "iache tu, nitaipeleka", mshukuru sana na usiiache.

Nakala nyingine mpe diwani, mkononi, kabla Kamati ya Mipango Miji na Mazingira haijakaa. Ukimpa baada ya kikao atakupa pole. Omba majibu kwa maandishi na uandike namba ya jalada, maana ukirudi bila namba mnaanza upya kutafutana. Pingamizi likikataliwa na mkafikiria mahakama, kuishtaki halmashauri kunataka notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kwenye kesi. Tafuteni wakili mapema, kwa sababu ndani ya siku 90 mkandarasi mwenye haraka anakuwa ameshamwaga msingi.