Kabla ya kuhamia Likoni: mambo ya kuangalia

Anza na hesabu ya watu, maana ndiyo inayoeleza mengi ya mbele. Sensa ya 2019 iliikuta kaunti ndogo ya Likoni, iliyo ng'ambo ya kusini ya Mombasa, na watu 250,358, ilhali Mvita, yaani kisiwa chenyewe cha Mombasa, ilikuwa na 154,171. Wanaolala ng'ambo ya kusini ni wengi kuliko wanaolala mjini, lakini ofisi, maduka ya jumla, bandari ya Kilindini na hospitali kuu ya Pwani viko upande wa pili wa maji. Alfajiri umati huo humiminika mahali pamoja, kivukoni, kungoja feri.

Kwa hivyo, kabla ya kuulizia kodi, pima safari. Nenda Jumatatu, saa kumi na mbili unusu asubuhi, utembee njia yote hadi kazini. Anayekwenda kwa miguu halipi feri, ila matatu haivuki naye: anashuka Likoni, anavuka, anapanda nyingine kisiwani. Ni nauli mbili kwenda na mbili kurudi, na wengi huzisahau wanapofurahia kodi nafuu. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu. Kinachomaliza muda ni kungoja. Feri moja ikiharibika, foleni inajaa hadi barabarani. Meli ikiingia au kutoka bandarini, feri husimama kuipisha, kwani mlango ni huo huo mmoja.

Angalia pia maji ya bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji yakipwa sana, mteremko wa kupandia feri huwa mkali: mikokoteni hushindwa na magari ya chini hukwaruza tumbo. Mwenye gari avute breki ya mkono na aache gia imeingia muda wote feri inapotembea. Mnamo Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likatumbukia baharini likiwa na mama na bintiye. Anayefanya kazi Changamwe, Miritini au uwanja wa ndege atumie barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka kwa nchi kavu, asiguse feri kabisa. Hata siku ya kuhamisha vyombo, njia hiyo ndiyo yenye amani.

Mitaa haifanani. Ufuoni Shelly Beach kuna nyumba za kifahari na za wageni; Mtongwe kuna kambi ya jeshi la wanamaji; Shika Adabu na Timbwani bado zina minazi na viwanja. Bofu na karibu na kivuko ndiko kwenye msongamano. Wenyeji ni Wadigo, na waliokuja kutafuta kazi za bandari na hoteli ni Wakamba, Waluo, Waluhya na wengineo. Ghasia za Agosti 1997 ziliwahamisha wengi wa wageni hao, na kumbukumbu yake haijafutika, hasa uchaguzi ukikaribia. Ukifika, jitambulishe kwa mzee wa mtaa wiki ya kwanza. Si adabu tu: ndiye anayejua kiwanja kipi kina kesi.

Maji yaulizie kwa majirani. Msimamizi wa nyumba atakwambia yapo kila siku. Uliza mfereji hutoka siku gani, na mtungi wa lita 20 huuzwaje usipotoka. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja, ni mitungi mitano kwa siku, hivyo pipa la lita 200 litawatosha siku mbili. Maji mengi ya kisima yana chumvi, na kiangazi huzidi kwa sababu maji matamu yaliyoelea juu hupungua. Isitoshe, ardhi ya mchanga na matumbawe hupitisha uchafu wa vyoo vya shimo kwa urahisi. Kisima kikiwa chini ya mita 30 kutoka chooni, maji yake yawe ya kufulia tu. Katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vinavyotazamana ukumbini, uliza pia umeme: mita ikiwa moja kwa wote, ugomvi wa tokeni, yaani umeme wa kulipia kabla, hauishi.

Kununua ndiko kwenye hatari kubwa. Mombasa kuna nyumba bila ardhi: unauziwa kuta na paa, kiwanja kinabaki cha mwingine unayemlipa kodi ya ardhi. Si utapeli, ila bei yake haiwezi kulingana na ya nyumba yenye hati. Shamba la Waitiki, hapa Likoni, takriban ekari 930, lilinunuliwa na serikali na hati zikaanza kutolewa 2016 kwa waliokuwa wakiishi humo bila umiliki. Ukitajiwa kiwanja cha huko, usikubali barua ya mzee wala makubaliano ya mkono. Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi, linganisha jina la hati na kitambulisho cha muuzaji, kisha mpeleke mpima ardhi akuonyeshe bikoni zote, yaani alama za mipaka, kabla hujatoa hata shilingi ya amana. Na ukiambiwa bei imepanda kwa sababu ya daraja litakalojengwa kuunganisha kisiwa, lipia kiwanja kama feri ndiyo njia yako.