Kihisi Mwendo Kinaposumbua kwenye Alamu ya Zamani: Pima Kabla ya Kubadilisha

Kwenye mifumo ya waya, kihisi hulaumiwa mapema mno. King'ora kikilia usiku bila mtu, lawama ya kwanza ni kwake, kumbe mara nyingi tatizo ni betri iliyochoka au waya uliolegea. Fuata mpangilio huu ili usinunue kihisi kipya na kurudishiwa kelele zilezile.

Andaa multimita (kipimo cha umeme), bisibisi ndogo, brashi laini, kitambaa kikavu na ngazi isiyoyumba.

1. Tuliza mfumo

Kama nyumba inafuatiliwa na kampuni ya ulinzi, wajulishe kwanza. Weka paneli (sanduku kuu linaloendesha alamu) kwenye hali ya majaribio, maana kufungua kifuniko cha kihisi kunaweza kuamsha king'ora hata alamu ikiwa imezimwa. Ndani ya sanduku la paneli, kaa mbali na upande wa transfoma: pale kuna umeme wa ukutani, na unaua.

2. Fungua na uangalie

Tafuta utando wa buibui, wadudu na vumbi. Mdudu akitambaa juu ya kile kidirisha cheusi katikati ya bodi, kihisi humwona kama mtu mzima anayekatiza chumba. Safisha kwa brashi, na usikiguse kidirisha hicho kwa kidole kwa sababu mafuta ya ngozi hukitia ukungu. Lenzi ya plastiki ifutwe kwa kitambaa kikavu tu. Ikiwa imepakwa rangi wakati wa kupaka ukuta, haifai tena. Angalia pia kihisi kinatazama nini: jua la dirishani, hita na upepo wa moto hudanganya hata kihisi kizima.

3. Pima umeme ukiwa kwenye kihisi

Weka multimita kwenye volti za DC, gusa skrubu za + na –. Paneli yenye afya hutoa kama volti 13.6 hadi 13.8, na kwenye kihisi usome karibu hivyohivyo. Hesabu yake ni hii: waya wa shaba wa milimita mraba 0.22 una ukinzani wa takriban omu 0.08 kwa mita. Kwa umbali wa mita 30, kwenda na kurudi, ni omu 5 hivi. Kihisi kinachokula miliampea 15 kitapoteza chini ya volti 0.1 njiani. Kwa hiyo ukikuta volti 1 au 2 zimepotea, usisingizie urefu wa waya. Tafuta kiungo chenye kutu au skrubu iliyolegea.

Sasa kata umeme wa ukutani, subiri dakika 15, upime tena. Ikishuka chini ya volti 11, betri imekwisha. Zile za risasi za volti 12 kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5.

4. Pima mguso wa alamu

Hapa ndipo wengi hukosea. Katika vihisi vingi vya zamani, rilei (swichi ndogo ya umeme ambayo mguso wake hupeleka alamu) hushikiliwa ikiwa imefungwa na umeme wenyewe. Ukikizima kihisi na kupima, utasoma mguso ulio wazi na kukitupa kikiwa kizima. Ndiyo maana pia volteji ikishuka, king'ora hulia: rilei imeachia.

Basi acha nyaya za umeme mahali pake, chomoa zile mbili za zoni tu (laini inayopeleka ishara ya kihisi kwenye paneli), weka multimita kwenye omu. Chumba kikitulia, usome karibu na sifuri. Ukipunga mkono, ifunguke, kisha ijifunge baada ya sekunde chache. Ikibaki wazi muda wote, au ikicheza mara omu 40, mara omu 200, bila mtu kusogea, rilei imechoka.

5. Mtenge mshukiwa

Kama kila kitu kinaonekana sawa lakini alamu bado inalia ovyo, unganisha nyaya mbili za zoni, upande wa kihisi, kupitia rezista ya mwisho wa laini (ile inayokaa ndani ya kihisi katika mifumo mingi). Acha siku 2. Zoni ikilia tena, kihisi hakihusiki: tatizo ni waya au paneli. Ikinyamaza, badilisha kihisi kwa kingine cha volti 12 chenye mguso wa aina ileile, na uirudishe rezista ileile.

Jampa ya kuhesabu mapigo (kiunganishi kidogo kwenye bodi kinachoamua kihisi kihesabu mapigo mangapi ya mwendo kabla ya kutoa alamu) unaweza kuisogeza kutoka 1 hadi 2 au 3 kama chumba kina misukosuko, ila kamwe isitumike kuficha kasoro ambayo hujaitafuta.

6. Jaribu kwa kutembea

Washa, subiri dakika 3 kihisi kipate joto lake, kisha katiza mbele yake kwa upana. Usikiendee moja kwa moja, maana huko ndiko huona vibaya zaidi. Kikiwa kimo cha mita 2.1 hadi 2.4 ukutani, taa yake iwake ndani ya hatua 3 au 4. Jaribu kila kona, kisha uondoe paneli kwenye hali ya majaribio.